Nyama ya Pofu Ambayo Sikuileta

Jumamosi, katikati ya Novemba

Mvua ya manyunyu tangu alfajiri. Si ile ya kumfanya mtu akimbie. Ni ile inayokuingia polepole mpaka soksi. Nimefika chumbani kwangu Wembley saa tisa alasiri, nimekaa kitandani na koti mwilini, na sina hamu ya kupika.

Leo nimemwambia Mzee Kulwant ukweli. Ilikuwa nimwambie wiki tatu zilizopita.

Kwa wanaopita hapa mara ya kwanza: mimi ni keya. Nazunguka nyumba za wazee huku kaskazini-magharibi ya London. Nawaogesha, nawavisha, nawapa dawa, napika kidogo, naandika kwenye daftari kwamba wamekula vizuri, naondoka. Ratiba inatumwa na kampuni kwenye simu. Mzee Kulwant ni mteja wangu wa asubuhi, mtaani Kenton, tangu mwaka juzi.

Alikuwa. Bado sijazoea kuliandika neno hilo.

Mwenyewe hujitambulisha kama Singasinga wa Moshi. Amezaliwa kule, akaja Uingereza mwanzoni mwa miaka ya sabini na mke na mtoto mmoja. Mke ameshafariki, mtoto ni mtu mzima anayeishi Stanmore na huja kila Jumapili. Mzee ana miaka sabini na saba, nyonga mbovu, kiti cha umeme cha kupandia ngazi ambacho anakichukia, na Kiswahili safi kuliko cha wapwa zangu waliozaliwa hapa.

Siku ya kwanza nilifungua mlango nikasema "Good morning." Akaniangalia usoni muda mrefu.

"Mtu wa wapi wewe?"

"Tanzania."

"Basi salimia vizuri."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Viatu acha hapo."

Tangu siku ile, nyumba ile ikawa mahali pekee katika mji huu ambapo nilifanya kazi kwa Kiswahili kuanzia mlangoni. Kwingine kote nafikiri kwanza, ndipo naongea. Kwake nilikuwa naongea tu. Nilikuwa nafika dakika kumi kabla ya muda, na si kwa sababu ya bidii.

Ujanani Mzee Kulwant alikuwa afisa wa wanyamapori katika geti la Holili, mpakani na Kenya. Alikuwa anakagua nyama ya mwitu na samaki waliokuwa wanavushwa. Kila asubuhi, nikimvalisha zile soksi ngumu za kubana miguu, ananisomesha. Mwindaji, kule enzi zake, alitakiwa kuwa na leseni inayotaja mnyama gani, wangapi, dume au jike, na eneo gani. Ukishaua, leseni ile inakutosha kwa kula nyumbani kwako. Ukitaka kuvuka na nyama mpaka, hiyo ni habari nyingine. Hapo unahitaji kibali cha kuitoa huku na ruhusa ya kuiingiza kule, na kwato zisitenganishwe na nyama mpaka afisa azione. Samaki nao hivyo hivyo: karatasi ya kuonyesha walivuliwa wapi na nani.

"Watu walidhani sheria inaishia pale mnyama anapoanguka," alikuwa anasema. "Kumbe pale ndiyo inaanza."

Alikuwa na majivuno na jambo moja. Alisema anaweza kuitambua nyama yoyote kwa macho, pua au ulimi. Nilikuwa natabasamu, nikiendelea na soksi.

Mwezi wa nane nilimwambia kwamba Oktoba naenda nyumbani Babati, mdogo wangu anaolewa. Nilimwambia pia kuhusu kaka yangu Elia, kwamba ni mwindaji mwenye leseni ya wakazi. Nilijua atapenda kusikia. Akasema kwamba tangu aondoke Moshi hajaonja nyama ya pofu, yule swala mkubwa mwenye mwili wa ng'ombe. Nyama kavu, ya chumvi na moshi tu.

"Kipande kama kidole kinanitosha," akasema. "Ikiwezekana."

Nikasema, "Itawezekana, mzee. Nitaleta."

Sikufikiri hata kidogo. Yeye aliniachia mlango wazi wa kukataa, mimi nikaufunga mwenyewe. Najua kwa nini. Alikuwa ameniangalia kwa namna ambayo wateja hawaniangalii, kama mtu ambaye safari yake ina maana kwa mwingine. Nilitaka kuwa mtu yule.

Harusi ilikuwa nzuri. Sitaieleza hapa, nimeshaieleza kwenye andiko jingine. Siku tatu kabla ya kurudi nilimfuata Elia uani, alikuwa anatengeneza mnyororo wa pikipiki. Nikamwambia nataka kipande cha nyama kavu ya pofu, cha kupeleka London.

Elia hakuinua hata kichwa. Akasema pofu hakuwa kwenye leseni yake mwaka huu. Nikasema hata ya zamani. Akasema hata angekuwa nayo asingenipa.

"Nikikupa, mimi nimevunja sheria hapa. Ukipanda nayo ndege, wewe umevunja ya pili. Ukifika kule, ya tatu. Kwa kipande kama kidole."

"Ni mzee, Elia. Ni kitu anachokitamani."

"Mwambie haiwezekani. Si alikuwa afisa? Ataelewa kuliko mtu yeyote."

Nikakasirika. Nikamwambia amekuwa kama karani. Akacheka, akaendelea na mnyororo wake. Jioni akaniletea mfuko wa samaki wakavu wa Ziwa Babati, akasema hao ameulizia, wa kula mwenyewe wanaruhusiwa kuingia Uingereza, nyama ndiyo hairuhusiwi kabisa. Alikuwa amemuuliza mtu anayejua, na ameandika kwenye karatasi. Kaka yangu ndivyo alivyo.

Heathrow wakanisimamisha. Afisa kijana akaniuliza kama nina nyama au maziwa kwenye sanduku. Nikasema hapana, nina samaki tu, wakavu. Akafungua, akawaangalia, akanusa, akakunja uso kidogo, akaniambia niende. Dakika mbili. Nilitoka pale nikijisikia mwepesi.

Kwa afisa aliyevaa sare sikudanganya hata neno moja. Nilikwenda kumdanganya yule mstaafu wa Kenton aliyevaa ndala.

Nilikuwa na siku nne kabla ya kurudi kazini. Siku ya kwanza nilipanga kumwambia Mzee haikuwezekana. Siku ya pili nilianza kuliona jicho lake nikimwambia. Siku ya tatu nilipanda treni mpaka kusini mwa jiji, kwenye duka la Waafrika Kusini ambalo rafiki yangu aliwahi kuniambia linauza nyama kavu. Ilikuwa ya ng'ombe. Dada wa dukani aliniuliza naipenda ngumu au laini. Nikasema ngumu, iliyokaa muda mrefu.

Nyama ile huwa inatiwa siki na mbegu za giligilani. Nilifika nyumbani nikazikwangua mbegu zote kwa kisu, moja moja, nikaifuta kwa kitambaa, nikaipitisha juu ya moto wa jiko mpaka ikanuka moshi. Kisha nikaifunga kwenye gazeti la Kiswahili nililokuwa nimefungia viatu kutoka Babati.

Hicho ndicho kinachoniuma kuliko vyote. Uongo wa ghafla mdomoni naweza kuuelewa. Huu niliukwangua, nikaufuta, nikaufunga. Nilikuwa na muda wa kuacha kila hatua, na kila hatua niliifanya kwa umakini.

Asubuhi ile Mzee alikuwa ameketi jikoni akinisubiri, kilemba kimefungwa vizuri mno kwa siku ya kawaida. Nikampa. Alilifungua gazeti taratibu, akasoma kwanza vichwa vya habari, akacheka kidogo kuhusu habari ya mpira. Nikahisi nimefanya jambo jema.

Akaishika nyama, akaisogeza dirishani.

"Kaka yako ndiye aliyempiga?"

"Ndiyo, mzee."

"Wapi?"

Nikataja eneo. Nikasema mwaka jana. Nikasema Elia alikuwa na wenzake wawili, kwamba walimfuatilia tangu asubuhi. Sikuwa nimepanga kuyasema hayo, yalitoka tu, moja likivuta jingine.

"Dume au jike?"

"Jike."

Akaigeuza nyama. "Leseni ilikuwa ya jike?"

Sikujua. Nikasema nadhani ndiyo, mambo siku hizi yamebadilika. Akakata kipande kwa kisu kidogo cha matunda, akakiweka mdomoni. Alitafuna muda mrefu sana, macho chini. Nilisimama pale na kisanduku chake cha dawa mkononi.

"Kaka yako huweka giligilani?"

"Ndiyo," nikasema. "Siku hizi wanaweka."

Akakimeza. Akaifunga nyama iliyobaki kwenye gazeti, akalikunja kingo zote nne, akaliweka juu ya meza.

"Asante, Neema," akasema.

Kwenye daftari niliandika: amekula kifungua kinywa, amepewa kitafunio, yuko mchangamfu. Yote niliandika kwa kalamu ya kampuni, na tarehe, na sahihi yangu.

Kesho yake nilifungua mlango nikasema, "Shikamoo, mzee."

"Good morning," akanijibu.

Nilidhani anatania. Nikarudia. Akasema anaomba chai, kwa Kiingereza, kwa adabu kamili, kama anayezungumza na mtu wa benki. Nilipomvalisha soksi hakusema kitu. Nilipomaliza akanishukuru. Nikamuuliza kama nyonga inauma, akaniambia iko sawa, asante kwa kuuliza. Nikafikiri labda amepatwa na kitu kichwani, kiharusi kidogo, maana nimeona wazee wakisahau lugha moja na kubaki na nyingine. Nilifikia hatua ya kumpima: nikamwuliza kwa Kiswahili lile gazeti liko wapi. Akanionyesha kwa kidole ndoo ya taka, bila kusema neno.

Hapo nikajua kwamba anajua.

Na bado sikusema. Wiki ya kwanza nilijiambia hasira itapita. Wiki ya pili nikajiambia kwamba hata hivyo nilimtendea wema, na ni yeye mwenye roho ngumu. Nilianza kufika dakika ile ile ya ratiba na kuondoka dakika ile ile. Nilimvalisha soksi kama ninavyowavalisha wengine wote, huku nikifikiria basi. Wiki ya tatu nikagundua kwamba tangu Jumatatu hadi Ijumaa sikuwa nimetamka sentensi nzima ya Kiswahili kwa mtu aliye mbele yangu.

Ningependa kuandika kwamba ni dhamira ndiyo iliyonisukuma. Si kweli. Jana Ijumaa jioni simu ililia, ratiba mpya. Kuanzia Jumatatu jina langu limeondolewa Kenton. Nimepewa Croydon, upande wa pili wa jiji, treni mbili na tramu. Nikapiga simu ofisini. Msimamizi akasema mteja ameomba abadilishiwe keya, hajatoa malalamiko yoyote, amesema tu angependa mtu mwingine. Zamu yangu ya mwisho ni kesho, yaani leo.

Basi leo nilikwenda. Nilimwogesha, nikamvalisha, nikampa dawa na uji wake. Kisha badala ya kufungua daftari nikavuta kiti, nikakaa mbele yake, jambo ambalo haturuhusiwi.

"Mzee, ile nyama haikuwa ya pofu," nikasema. "Ilikuwa ya ng'ombe. Niliinunua hapa hapa London."

Alikuwa anakoroga uji. Akaendelea kukoroga.

Nikamwambia yote. Duka, kisu, moto wa jiko, gazeti la viatu. Nikamwambia kwamba Elia hakumpiga pofu yeyote, na kwamba nilimwomba akanikatalia. Nilisema haraka, kwa sababu nilijua nikisimama sitaendelea.

"Kaka yako yupo kweli?" akauliza.

Kwa Kiswahili.

"Yupo, mzee. Anaitwa Elia. Ni kweli ni mwindaji."

"Na alikukatalia?"

"Alisema nitavunja sheria tatu kwa kipande kama kidole."

Akaweka kijiko chini. Nikaona bega lake linatikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko kidogo cha kifuani, kisha kikaisha.

"Alizihesabu sawasawa," akasema. "Mimi nilizijua zote tatu siku ile nilipokuomba. Nilikuomba kwa sababu nimezeeka na nilikuwa na hamu. Ungerudi ukaniambia haikuwezekana, ningekuheshimu. Ningemheshimu na yeye."

Akaendelea, akiangalia dirishani, na hiki ndicho nilichotaka kukiandika leo kabla hakijanichanganyikia.

Alisema kwamba Holili, siku moja, mama mmoja alifika getini na kapu la samaki wakavu wa Ziwa Jipe. Ziwa lile nusu liko huku na nusu kule. Kulwant akamwomba karatasi. Mama akasema hana karatasi, mvuvi ni mumewe, na hajui mumewe alikuwa upande gani wa ziwa alipowavua. Angeweza kusema chochote. Alisema kweli. Kijana Kulwant akalichukua kapu lote, akaandika kwenye kitabu, samaki wakamwagwa shimoni na kumwagiwa mafuta ya taa, kama utaratibu ulivyotaka. Mama alisimama mpaka mwisho akiangalia. Hakumtukana. Akachukua kapu lake tupu, akarudi alikotoka kwa miguu.

Mchana huo huo likaja gari la bwana mmoja mkubwa, mtu ambaye kila afisa alimjua. Nyuma kulikuwa na nyama imefunikwa kwa majani.

"Nikamuuliza nyama gani. Akasema ng'ombe. Nilikuwa nimeshanusa, nilikuwa nimeshaona mafuta yake. Ilikuwa pofu. Nikainua kizuizi, nikampigia saluti."

Akanigeukia.

"Yule aliniambia ng'ombe, nikajua ni pofu. Wewe umeniambia pofu, nikajua ni ng'ombe."

Nilitaka kucheka na sikuweza.

"Kila nilipotafuna," akasema, "nilikuwa namwona yule bwana kwenye gari lake. Si wewe. Nilijiona mimi, nimesimama, nimeinua kizuizi tena."

Nikamuuliza kwa nini aliacha kusema na mimi Kiswahili.

"Nilikosa la kusema nacho," akasema. "Kiingereza kina maneno mengi ya kupitisha asubuhi."

Nikamwomba msamaha. Nilishika mguu wake, ule wenye soksi, sijui kwa nini mguu. Akaniacha niushike. Kisha akasema nimepunguza mzigo wangu na yeye ameongeza wake, maana alipiga simu ofisini Alhamisi.

"Ungesema Jumatano," akasema.

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesoma ratiba ya treni iliyokwisha kuondoka.

Nilimwambia labda wanaweza kubadilisha. Akaniruhusu kupiga simu hapo hapo, nikaweka spika. Msimamizi wa zamu alikuwa mpole. Akasema ratiba ya wiki mbili imefungwa, keya mpya ameshathibitishwa, na mteja wa Croydon hana mtu mwingine. Mzee mwenyewe akaongea, kwa kile Kiingereza chake cha adabu, akasema angependa kuondoa ombi lake. Akaambiwa aandike barua, italetwa mbele ya meneja, hawawezi kuahidi. Akajibu, "I see." Akanirudishia simu.

Tukakaa. Muda wangu ulikuwa umepita dakika ishirini. Nikaosha bakuli la uji. Nikapanga dawa zake za wiki kwenye kisanduku, nikabandika karatasi ya kumweleza keya mpya kwamba soksi ya kushoto ianze kwanza kwa sababu ya nyonga, na kwamba chai hanywi mpaka maziwa yachemkie pamoja na majani. Nilifikiri kuongeza kwamba anapenda kusalimiwa kwa namna fulani. Keya mpya ni dada wa Kipolandi. Sikuongeza.

Kwenye daftari nilikaa muda mrefu na kalamu. Mwisho nikaandika kwamba mteja amekula nusu ya uji na kwamba alikuwa na huzuni. Ni mara ya kwanza kuandika neno hilo kwenye daftari lake. Sikuandika la kwangu, hakuna sehemu yake.

Mlangoni, nikiwa navaa viatu, aliniita kutoka jikoni.

"Neema. Huyo kaka yako."

"Ndiyo, mzee."

"Mpe salamu zangu. Mwambie zinatoka kwa Kulwant, afisa wa Holili. Mwambie angekuwa mtu wangu pale getini, labda ningelala vizuri zaidi maisha yangu yote."

Nikasema nitazifikisha. Nikasema, "Kwaheri, mzee, nakutakia afya njema." Akasema, "Haya, binti. Funga mlango vizuri, upepo unaingia."

Nimetembea mpaka kituo cha basi, nikaliacha la kwanza lipite.

Nimekuwa nikijaribu kujua hasa ninachojutia. Si kwamba sikuvunja sheria. Hiyo niliishika, na Elia ndiye aliyenishikia. Sijutii hata ile nyama ya duka, kama ningeiweka mezani nikasema, mzee, pofu imeshindikana, nimekuletea ng'ombe wa Waafrika Kusini, tucheke. Angecheka. Angeilaumu giligilani mpaka saa nne. Tungekuwa na hadithi ya kurudia kila tukivaa soksi, na Jumatatu ningekuwa Kenton.

Najutia kwamba nilimdhania mtu yule kuwa anataka nyama tu.

Na kuna jingine ambalo nililisahau kabisa mpaka nilipokuwa ndani ya basi. Kwa wiki tatu, ndani ya nyumba ile, kwa maneno yangu, kaka yangu alikuwa jangili anayevusha nyama bila kibali. Nilimpa bunduki, nikampa pofu jike, nikampa hata wenzake wawili, mbele ya mzee aliyewahi kukamata watu kwa hayo hayo. Elia, ambaye aliandika kwenye karatasi sheria za samaki wakavu ili dada yake asipate shida uwanja wa ndege. Hajui. Yuko Babati na pikipiki yake, hajui kwamba jina lake lilikuwa limechafuka katika jiko moja la London, wala kwamba leo limesafishwa.

Kesho Jumapili. Saa nne asubuhi ya hapa, kwao itakuwa saa saba mchana, watakuwa wametoka kanisani, atakuwa amekaa nje na sahani ya wali. Nitampigia. Salamu za mtu mzima hazikai na mjumbe, na hizi siwezi kuzitoa bila kueleza zilivyonifikia. Nitalazimika kuanza na duka, au na uwanja wa ndege, au na lile swali la dume au jike.

Sijui nitaanzia wapi. Nitapiga hivyo hivyo.